Migongo ya Shomari na Saning'o

Wajukuu zangu mnaocheza mpira, na ninyi msiocheza ila mnajua sana kuzomea, kaeni kidogo. Nimesimama golini miaka mingi kuliko niliyokaa darasani. Magoti yalipogoma nikawa mwalimu wa makipa wa timu yetu ya Mikumi, Nyati, mpaka mwaka jana waliponipa saa ya ukutani na kuniambia nikapumzike. Saa yenyewe haitembei, kwa hiyo muda wa kuwasimulia ninao.

Mkinikuta kijiweni mnaniuliza kila siku swali moja: Babu Kibwana, beki bora uliyepata kumwona ni nani? Mnataka jina moja mkabishane nalo. Jina moja sina. Kuna kitu mimi nilikiona ambacho hakiingii kwenye jina la mtu mmoja, na mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka. Basi nitawapa majina mawili, na mkiona nachelewa kufika mnivumilie, mzee hakimbizwi.

Kwanza mjue kwamba kipa ni mtu pekee uwanjani anayeitazama timu yake kwa mgongo. Ninyi mnaona nyuso, mnaona chenga, mnaona mtu anavyobusu nembo ya jezi. Mimi nilikuwa naona migongo. Aliyenifundisha kuiona ni marehemu Mzee Pius, kipa wa zamani wa Kilosa mjini, fundi wa reli kwa kazi. Siku ya kwanza alinisimamisha golini bila mpira, akaniambia niwatazame beki wawili wa kati tu na nimwambie nani ataondoka kwanza. Nikamuuliza, na mpira je? Akasema mpira haujawahi kupotea njia ya kuja golini kwangu, nisiwe na wasiwasi nao. Wiki nzima nilitazama migongo, nikaona ananipotezea muda. Baadaye nikaelewa. Beki wawili wa kati ni kama watu wawili wanaobeba kitanda mlangoni: mmoja akiharakisha mwingine anabanwa vidole, na hapo hakuna wa kulaumiwa peke yake.

Sasa tuje kwa hao wawili.

Walikuja Nyati msimu mmoja. Shomari alitoka Chanzuru, mtoto wa mkulima wa mpunga, mfupi kwa beki lakini anaruka utadhani kakanyaga moto, na mdomo hauna likizo. Saning'o alitoka kwa wafugaji wa bondeni, nyuma ya Kilangali huko, mrefu, mpole, na kusema kwake ni kwa mkupuo mmoja asubuhi, shikamoo Babu, halafu basi mpaka kesho. Habari za ng'ombe kuingia mashambani huku kwetu mnazijua, sina haja ya kuzirudia. Mama yake Shomari naye yalimkuta. Kwa hiyo Shomari alipoambiwa atalala chumba kimoja na Saning'o, alihamishia godoro lake ukutani kabisa na akaanza kunywea maji chupa yake mwenyewe.

Watu wa kijiweni wakasema fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo ilipomfikia Saning'o, nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza. Akasema zizini kwa baba yake wapo watano.

Kocha wetu, Kocha Edga, hakuwa na mpango wa kuwapanga pamoja. Alimjaribu Shomari na beki mkongwe, akachemka. Akamjaribu Saning'o na huyo huyo mkongwe, akachemka vilevile. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia awarudishe makwao kwa heshima. Halafu beki mkongwe akafiwa, akaenda kuzika Ulaya, kijiji cha hapa hapa Kilosa, si kwa Wazungu, na yule wa akiba akashikwa na malaria. Jumamosi ikafika tukiwa na beki wa kati wawili tu, na ni hao hao wasiosalimiana.

Mpira wa kwanza wa juu wote wawili waliurukia. Vichwa vikagongana kishindo kikasikika mpaka barabarani kwenye malori, na mpira ukaanguka miguuni kwa mshambuliaji, akafunga bila hata kuharakisha. Wakabaki wamekaa chini kila mmoja ameshika kichwa chake, wanatazamana. Sheria ya kwanza ya beki wawili ni kwamba mmoja anaenda na mwingine anabaki. Ni sheria nyepesi kuisema. Ugumu wake ni kwamba hakuna muda wa kuulizana nani aende.

Saning'o ndiye aliyeleta dawa, na dawa yenyewe karibu itufukuzishe ligi.

Mechi iliyofuata tulikuwa nyumbani. Mshambuliaji wao akachomoka na mpira, Shomari amegeukia upande mwingine, hana habari. Saning'o akaweka ulimi nyuma ya meno akapiga mluzi. Sio mluzi wa kuita rafiki. Ni ule wa malishoni, unaokata upepo, ambao dume lililoanza kujitenga likiusikia linarudi kundini bila kubishana. Uwanja mzima ukasimama. Mshambuliaji wao, kijana mwenye adabu zake, akajua refa amepuliza filimbi. Akainama, akaokota mpira kwa mikono miwili na kuuweka chini vizuri kabisa kwa ajili ya faulo. Refa naye hakuwa amepuliza chochote. Akatoa faulo ya mkono dhidi ya yule kijana, kukazuka vurugu, kila mtu anapiga kelele kwa upande wake.

Refa akauliza ni nani aliyepiga. Saning'o akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Nilikuwa namwita Shomari," akasema.

Refa akamuuliza kama Shomari ni ng'ombe, akampa kadi ya njano. Mashabiki wa Mikumi walicheka mpaka muuza karanga akasahau kudai. Shomari alinuna. Kugeuzwa mfugo mbele ya halaiki, tena na mfugaji, kwake ilikuwa dhihaka isiyomezeka.

Lakini mimi nilikuwa kando ya goli, na nilikuwa natazama migongo. Mluzi ulipolia, wachezaji wote walisimama isipokuwa mmoja. Shomari aligeuka. Kabla hajajua kwamba amegeuka, mabega yake yalishazunguka na mguu ulishapiga hatua kwenda mahali hasa ambapo yule mshambuliaji angepita. Nikamtazama Kocha Edga, naye akanitazama.

Mluzi ukapigwa marufuku, na Saning'o akawa bubu. Tukafungwa mechi iliyofuata kwa sababu hiyo hiyo, maana beki asiyeongea ni sawa na taa isiyo na mafuta. Mimi nikamweka chini nikamfundisha ninachowafundisha wote: jina kwanza, amri baadaye. Ukisema "toka" watatoka wanne. Ukisema "Shomari, toka" atatoka mmoja. Akanisikiliza kwa adabu, lakini uwanjani sauti ikagoma. Nilipombana akanieleza kwamba kwao mtoto hafundishwi kupiga kelele malishoni. Ukipayuka, ng'ombe wanatawanyika, na simba anajua ulipo.

Shomari alikuwa pembeni anafunga kamba za viatu, anasikiliza huku anajifanya hasikilizi.

"Kwetu ukinyamaza, ndege wanamaliza," akasema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Saning'o ambayo hayakuwa na ugomvi ndani. Na kwa kuwa ulikuwa msimu wa mpunga kuiva, na timu ilikuwa na mapumziko, Shomari akaenda kwao Chanzuru kumsaidia mama yake kuamia ndege. Mnaotoka mjini labda hamjui kuamia: ni kushinda shambani kutwa unafukuza kwelea kwelea wasile mpunga, kwa debe, kwa kombeo, na zaidi ya yote kwa koo. Saning'o akamfuata. Mimi nina ndugu Chanzuru, nikajipa safari ya kumsalimia, na msinicheke, udaku wa kazi nao ni kazi.

Mama Shomari alipomwona kijana mrefu amesimama kwenye jaruba lake alitoka na jembe mkononi. Alimtazama, akatazama nyuma yake, akatazama kulia na kushoto.

"Leo Mmasai kaingia shambani kwangu bila ng'ombe," akasema. "Kesho mvua itanyesha chumvi."

Lakini chakula alimpa. Na kazi akampa. Mama huyu ana ukelele wake wa kuamia, maana kila shamba lina wake ili jirani wasichanganyane. Unaanzia chini kifuani, unapanda, halafu mwishoni unakatika kama fimbo kavu: hoyaaa-hu. Ndege wakiusikia wanainuka shamba zima kwa mkupuo mmoja, kama mtu anakung'uta shuka. Asubuhi Saning'o alijaribu, ndege wakamtazama tu wakaendelea kula. Mchana walianza kusogea. Jioni nilipokuwa naondoka, koo lake limekauka, anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mpole, na ndege wanainuka. Shomari alikuwa amekaa kwenye tuta anacheka mpaka machozi, kisha akampa chupa yake ya maji.

Na deni la siku hiyo Saning'o alililipa, maana naye alimfundisha Shomari lake. Alimpeleka kwao akamsimamisha kwenye kundi, akamwambia asitazame pembe wala macho ya ng'ombe, maana macho yanadanganya. Atazame bega. Mnyama anayetaka kutoroka anaanza na bega kabla ya mguu. Vijana, hilo liwekeni akilini. Mshambuliaji akikupiga chenga, macho yake yanakwambia kulia, miguu inakwambia kushoto, lakini bega halijui kusema uongo.

Baada ya hapo, sijui niwaambie nini.

Nitajaribu. Mvua inanyesha, uwanja ni tope, na wageni wetu wana mshambuliaji mwenye mbio ambaye ametuwekea hofu tangu tunapasha misuli. Mpira unatoka kati, Saning'o anaita ile hoyaaa-hu, Shomari hatazami hata, anarudi hatua na mpira unafika kifuani mwake. Dakika nyingine Shomari anaenda mbele kumbana mtu, na pengo aliloliacha, kabla sijamaliza kuliona kuwa ni pengo, Saning'o yumo ndani yake. Mmoja akipanda mwingine anashuka, mmoja akienda kulia mwingine anavuta kushoto, na kati yao nafasi ile ile, haipungui wala haiongezeki, kana kwamba wamefungwa kamba kiunoni. Peke yao walikuwa wachezaji wa kawaida. Nasema hivyo na nawapenda wote wawili. Mmoja mfupi, mwingine mzito kugeuka. Lakini wakiwa pamoja, ufupi ulikwenda wapi na uzito ulikwenda wapi, sikujua. Nilisimama kando ya goli nimesahau hata kumwelekeza kipa wangu, nikasema Subhanallah, kwa sauti, na kipa akageuka akaniuliza kuna nini.

Klabu ilikuwa imemleta binti mmoja kutoka Morogoro, Neema, kazi yake kurekodi mechi na kuzichambua kwenye kompyuta. Mwanzoni nilimwogopa kidogo, nikidhani atanionyesha kwamba miaka yangu yote nilikuwa naangalia upande usio sahihi. Siku moja akaniita nitazame kioo chake. Wachezaji walikuwa vidoti tu, na kati ya vidoti vyote, viwili vilikuwa vinakwenda pamoja, vinapumua pamoja. Akanionyesha mechi ambayo Saning'o alikuwa mgonjwa: Shomari ni yule yule, miguu ni ile ile, na kila kitu chake kimeshuka, pasi, kuruka, mpaka kukimbia. Nikamuuliza mashine yake inasemaje kuhusu sababu.

"Babu, mashine inaona kwamba wanasaidiana," akasema. "Kwa nini, hata mimi namwuliza Mungu."

Nikampenda yule binti kuanzia siku hiyo.

Basi, mnajua mpira wetu. Kitu kizuri hakikai Mikumi, kinapita kama mabasi. Timu kubwa ya Dar es Salaam ikatuma watu wakaja kutazama, wakamwona Shomari, maana Shomari ndiye aliyekuwa anaruka na kupiga kelele na kuonekana. Wakamchukua. Wakachukua nusu ya kitu, wakadhani wamechukua kitu. Mimi nilimwambia mmoja wao kwamba wawachukue wote, akanijibu kwa heshima kwamba nafasi ni moja, kwani tayari wana beki mkubwa kutoka Afrika Magharibi, Musa, na hakusema uongo, Musa alikuwa mlima wa mtu na fundi kabisa.

Shomari na Musa wakaanza kucheza pamoja, na tukaanza kuona aibu kwenye televisheni. Shomari anarudi kuziba mahali ambapo Musa hana nia ya kupaacha. Musa anaita kwa Kifaransa, Shomari anajibu kwa Kiswahili, na mpira unapita katikati yao wakisalimiana nao tu. Mitandaoni wakaandika Shomari ameisha. Saning'o naye huku, na beki mpya pembeni yake, akaanza kuwa yule wa kuchelewa kugeuka. Ukivunja chungu, kila kipande ni kigae, hata kile kizuri.

Siku moja Shomari akanipigia simu. Baada ya shikamoo akakaa kimya, na Shomari kukaa kimya si jambo dogo.

"Babu, nikigeuka nyuma hakuna mtu," akasema.

Kisha akanieleza kwamba ameshaambiwa. Kulikuwa na mechi ya kombe mbele yao. Akiharibu hiyo, msimu ukiisha wanaachana naye. Mama yake alikuwa ameshaanza kujenga kwa mshahara wake, kuta ziko usawa wa dirisha. Na mechi yenyewe, kwa namna droo zinavyopenda kutesa watu, ilikuwa dhidi yetu sisi Nyati, na ingechezwa Kilosa mjini.

Siku hiyo Kilosa haikubaki na mtu nyumbani. Nyati hawajawahi kumfunga mkubwa wa namna ile, na watu walikuja kwa baiskeli kutoka kila kata kuja kuona kama inawezekana. Na ilikuwa inawezekana, wajukuu zangu. Tuliwabana. Mara mbili mpira ulipita kati ya Shomari na Musa, mara ya pili ukagonga mwamba. Kocha wao alikuwa anamwonyesha Shomari kidole toka benchi. Mimi moyo wangu ulikuwa vipande viwili. Nilitaka tushinde kwa roho yangu yote, na nilikuwa nakwepa kumtazama yule mtoto.

Bila kwa bila, dakika za nyongeza zinayoyoma, tukapata kona. Saning'o akapanda mbele kwa urefu wake. Mshambuliaji wetu Kelvin, mjanja kama nyani wa hifadhini, akazunguka polepole nyuma ya Shomari, nguzo ya mbali, akawa peke yake. Shomari alikuwa anautazama mpira. Hakumwona Kelvin. Musa hakumwona. Mimi nilimwona, benchi letu zima lilimwona, tukaanza kuinuka kwa sababu goli lilishakuwa goli. Mpira ukapigwa, ukapita juu ya vichwa vyote, unamwendea Kelvin moja kwa moja.

"Hoyaaa-hu."

Sauti ilitoka katikati ya watu, kutoka kifuani, ikapanda na kukatika. Na Shomari, bila kutazama, akarudi hatua mbili kinyumenyume, akaruka, akautoa mpira kwa kichwa kutoka kwenye paji la uso la Kelvin.

Alipotua akainua dole gumba juu, kama alivyokuwa akimshukuru mwenzake kila mara. Kisha akaona amemwinulia nani. Mkono ukabaki pale pale hewani. Na Saning'o, katika jezi yetu, alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Tulikwenda kwenye penalti, tukafungwa.

Sitawaficha, watu walimtukana. Walimwita msaliti, na wengine waliomwita hivyo ni jamaa zangu wa karibu. Chumba chetu cha kubadilishia nguo kilikuwa darasa la shule ya jirani, na wachezaji walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, hakuna anayemtazama Saning'o. Kelvin alikuwa analia waziwazi. Kocha Edga akasimama mbele ya ubao akamuuliza Saning'o swali moja tu, kwa nini. Hakumuuliza kwa hasira. Nadhani alitaka kujua kweli.

"Kocha, sikuona mpinzani," Saning'o akasema. "Nilimwona Shomari, nyuma yake pako wazi."

Nimekaa kwenye mpira umri wote huu. Nimeona magoli ambayo wenzangu wanayasimulia mpaka misibani. Sijasikia kitu kikaniingia kama hicho. Nilikuwa na hasira naye ya kufungwa, ipo, siikani, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kikubwa kuliko hiyo, kama mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta mto unapita ndani. Kocha Edga akasema Jumatatu mazoezi ni saa kumi, watu wote wafike, na wote akalirudia huku anamtazama Saning'o.

Hapo mlango ukagongwa. Shomari, bado na jezi ya wenzetu. Akatuamkia wakubwa wote mmoja mmoja, nasi tukaitika, kisha akaenda kusimama mbele ya dawati la Saning'o.

"Umechelewa kuita," akasema.

"Nilikuwa mbali," Saning'o akajibu.

Kelvin ndiye aliyecheka kwanza, na machozi yake bado usoni, ndipo na sisi tukaweza. Shomari akakaa kwenye kona ya dawati akamwambia kwamba leo amenusurika, lakini Musa hajui kuita, na hata akijua hawaelewani lugha. Saning'o akamjibu kwamba hata yeye hakujua kuita, na lugha haikuwa kitu. Ampeleke kwa mama.

Na akampeleka. Siku hizi treni ya umeme inamtoa mtu Dar na kumshusha Kilosa chai yake haijapoa, kwa hiyo siku yao ya mapumziko Shomari akamleta Musa mpaka Chanzuru, mpunga ukiwa umekuwa wa njano. Mimi safari hii sikujidai nina ndugu wa kumsalimia, nilikwenda wazi. Mama Shomari akatoka, akalitazama lile jitu kuanzia viatu mpaka kichwani, akamuuliza mwanawe huyu naye anafuga nini. Kisha akampa debe na kumwonyesha pa kusimama.

Wiki chache baadaye tulikaa kwenye kibanda umiza hapa Mikumi kutazama mechi yao ya mwisho ya ligi, mimi mbele kwa sababu ya macho, Saning'o benchi la nyuma kwa sababu ya urefu. Uwanja wa Dar haukujaa siku hiyo, vipaza sauti vilikuwa vinanasa kila kitu, kocha akikohoa unasikia. Watu walikuwa wananipigia kelele nikae chini. Dakika za mwisho mpira wa juu ukapigwa nyuma ya Shomari, mtu anaukimbilia, na kutoka kwenye spika za kibanda ikatoka sauti nene ya mtu wa mbali, lafudhi yake mbovu kabisa, lakini imeanzia kifuani, imepanda, imekatika mahali panapotakiwa. Hoyaaa-hu. Shomari akarudi bila kutazama na kuutoa mpira. Kibanda kizima kikashangilia.

Mimi sikushangilia. Niligeuka nyuma kumtazama Saning'o, kwa mazoea yangu ya kazi, kutaka kuona mabega. Alikuwa amesimama katikati ya waliokaa, anaangalia kioo, hajui kama ninamwona. Sauti ilipotoka, mguu wake wa kulia ulikuwa umerudi nyuma hatua moja, akamkanyaga muuza kahawa.